Mkono Ulikatao Jiwe

Nyumba mpya zinazoinuka kati ya mashamba ya chai ya Nyansiongo, aghalabu kwa fedha za watoto walioko Nairobi au Marekani, zinafanana kwa jambo moja: mwenye nyumba hukesha akiwaza kaunta ya jikoni iwe ya jiwe gani na rangi gani, ilhali hawazi kabisa ni mkono wa nani utakaolikata. Nilimtazama fundi mmoja mzee wa huku Borabu akipima jiko la nyumba ya namna hiyo. Alipima ukuta kushoto, akapima kulia, akakata kiolezo cha plaiwudi, akakilaza, akakitoa, akakipunguza kwa randa; na mama mwenye nyumba alipomwuliza, "Fundi, mbona wapima tena yale yale?" akajibu kwa taadhima, "Mama, ukuta huu hauna pembe mraba, na jiwe halipindi."

Bibi zetu wangalimwelewa. Katika jiko la zamani jiwe lilikuwa moja tu, lile la kusagia wimbi, nalo halikuchaguliwa kwa rangi. Liligongwa kwanza na kusikilizwa, kwa kuwa jiwe zima hulia kama kengele na lenye ufa hutoa sauti iliyofifia. Kisha likawekwa kwa mwinamo uliowafaa magoti na mabega ya mwenye kusaga, naye akalisagia miaka hata likafanya bonde katikati. Lilipozidi kuwa laini hakuna aliyelistaajabia ulaini wake, bali mama alikaa chini na kijiwe kigumu, akaligonga polepole uso mzima, mpaka likakwaruza tena na kuuma nafaka. Laiti tungejua siku hizi kwamba jiwe la jikoni ni chombo cha kazi, hatungeliulizia mng'ao kabla ya kitu kingine chochote.

Almuradi, bei ya bamba ni mwanzo tu wa hesabu. Graniti ya unene wa sentimita 2 ina uzito wa takriban kilo 54 kwa kila mita mraba, na ya sentimita 3 hupita kilo 80, kwa hiyo makabati ya mbao hafifu yaliyonunuliwa kwa haraka hayataihimili. Tena kuna vipande vinavyopotea katika kukata, tundu la sinki, ukingo wa kulainishwa, na lori la kuleta mzigo kutoka Nairobi bila kuuvunja. Marmari ina haiba, walakini ndimu ikidondoka juu yake huacha doa lisilofutika, na sijui jiko la Kiafrika lisilo na ndimu. Tone la mafuta likiachwa usiku juu ya kipande cha sampuli litakuonyesha kama jiwe hunywa, jambo ambalo muuzaji hatakueleza. Terazo ya saruji na kokoto za marmari humwagwa papo hapo na kusagwa kwa maji, nayo, ikipata fundi mahiri, mimi huipenda kuliko graniti nyeusi ya India iliyojaa kila mahali. Na jiwe la sabuni la Tabaka, lililo jirani yetu kule Mugirango Kusini? Huko Ufini watu hujengea majiko jiwe la jamii hiyo kwa kuwa huhifadhi joto, bali sisi twalichonga bakuli na vinyago vya kuwauzia wageni. Kweli ni laini mno, kisu hulichora. Lakini kulipa nafasi pembeni mwa meko, pa kuwekea sufuria ya moto, hata hilo halikuwahi kutupitia akilini.

Siku hizi vijana hukata kavu, vumbi likawatanda nyuso, ilhali Australia ilipiga marufuku mawe ya kutengenezwa kiwandani mwaka 2024 kwa sababu vumbi lake liliharibu mapafu ya wakataji. Mzee yule hakati bila maji, na kwa hiyo huitwa mzembe. Mashine yake ya kusagia terazo imepata kutu, na wanafunzi aliowafunza wamekimbilia bodaboda. Na ujira wake, mwenye nyumba, akiisha kulipia bamba la India bila kunung'unika, huugombania shilingi kwa shilingi, hata fundi huona heri aache ukingo ule wa nyuma, usioonekana, bila kuulainisha.