Kiinimacho cha Robert Stevenson

Katika Mary Poppins, filamu ya Walt Disney ya mwaka 1964, yaya na rafiki yake Bert wanaruka ndani ya picha iliyochorwa kwa chaki kando ya njia. Julie Andrews, ndiye yaya, amevaa gauni jeupe na kofia pana iliyofungwa kwa shela nyepesi. Kila kilicho nyuma yake ni katuni: miti, farasi wa bembea, pengwini wanaoandaa chai. Itazame shela. Kitambaa ni chembamba kiasi kwamba rangi za katuni zinapenya, na kingo zake hazina ule utepe wa bluu uliozoeleka kwenye filamu za zama zile mtu alipobandikwa juu ya mandhari ya kutengenezwa. Nywele nazo zimetoka safi, unywele mmoja mmoja. Kompyuta haikuhusika hata kidogo.

Kazi ile huhesabiwa kuwa ya Disney, au ya mafundi wake. Mwongozaji aliyekaa kando ya kamera, Robert Stevenson, hatajwi sana hata na watu wanaoijua filamu kwa moyo. Hoja yangu ni kwamba mbinu zile zote zingebaki maonyesho ya maabara kama si yeye. Alijua mbinu ipi iingie katika picha ipi, mwigizaji atazame wapi, na mbinu iondolewe lini kabla jicho la mtazamaji halijaigundua.

Stevenson alizaliwa Buxton, Uingereza, mwaka 1905. Alisoma uhandisi Cambridge, kisha akageukia saikolojia, na ukizitazama filamu zake utaona masomo yote mawili yakifanya kazi. Kabla ya Hollywood aliongoza King Solomon's Mines ya mwaka 1937, akiwa na Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji Mmarekani Mweusi ambaye miaka michache kabla ya hapo alikuwa akijifunza Kiswahili jijini London. Nyota wa filamu ile walibaki studio Uingereza, na mandhari ya Afrika yakapigwa na kikosi kingine chini ya Geoffrey Barkas. Kazi ya Stevenson ikawa kumfanya mtazamaji aamini kwamba uso huu na mlima ule viko mahali pamoja. Mtazamo wa filamu ile juu ya Afrika ni wa kikoloni na umechakaa vibaya. Lakini kama zoezi la kuunganisha vitu ambavyo havijawahi kukutana, lilikuwa somo la mapema kwa kazi yake ya baadaye.

Alikwenda Marekani mwaka 1939 kwa mkataba na mtayarishaji David O. Selznick, akaongoza Jane Eyre akiwa na Orson Welles na Joan Fontaine, kisha akapita studio ya RKO. Katika miaka ya 1950 aliongoza vipindi vingi vya televisheni. Huko hakuna muda wa kubahatisha: unaingia seti ukijua kila picha utakayopiga. Disney alimchukua kwa Johnny Tremain, iliyotoka mwaka 1957, na mwaka huohuo wakatoa Old Yeller, kisa cha mvulana na mbwa wake ambacho kimeliza watoto wa Marekani kwa vizazi. Akabaki kwa Disney hadi The Shaggy D.A. ya mwaka 1976, karibu filamu ishirini kwa jumla.

Filamu ya kuanzia kwa anayetaka kuelewa ufundi wake ni Darby O'Gill and the Little People ya mwaka 1959. Mzee wa Kiayalandi, Darby, aliyeigizwa na Albert Sharpe, anatumbukia katika makao ya vibwengo na kukutana na mfalme wao, Brian, aliyeigizwa na Jimmy O'Dea. Mfalme anafika gotini tu kwa Darby. Wanazungumza, wanabishana, wanalewa pamoja, na muda mwingi wote wawili wamo ndani ya fremu moja.

Njia kuu iliyotumika ni ya umbali. Tuseme Darby anasimama mita 3 kutoka kwenye kamera. Ukitaka mfalme aonekane robo ya ukubwa wake, msimamishe mita 12. Kamera ina jicho moja tu, haina namna ya kupima umbali ule, hivyo inamsoma aliye mbali kuwa ni mdogo. Hesabu ni rahisi. Taabu iko kwenye utekelezaji. Seti lazima ijengwe mara mbili: sehemu ya karibu kwa vipimo vya kawaida, na sehemu ya mbali ikiwa imekuzwa mara nne, kiti cha enzi, vikombe, mawe ya ukutani na sakafu yenyewe. Mahali sehemu hizo zinapokutana pafichwe na mwamba, kivuli au rundo la dhahabu. Kamera ikisogea hata kidogo pembeni, uongo wote unafichuka.

Juu ya hayo kuna mwanga. Mtu wa mita 3 na mtu wa mita 12 wote wanatakiwa waonekane bila ukungu, maana mmoja akififia jicho linajua mara moja kwamba yuko mbali. Dawa ni kubana tundu la lenzi. Lakini ukikipunguza kipenyo cha tundu hadi robo, unahitaji mwanga mara 16 ili mkanda upate picha ileile. Ndiyo maana seti za Darby O'Gill zilijaa taa nyingi kupita kiasi, na waigizaji walichekesha huku wakichomwa na joto lake.

Hapo ndipo mwongozaji anapohitajika. Darby hawezi kumtazama mfalme, kwa sababu mfalme halisi yuko mbali nyuma. Sharpe anatazama alama tupu iliyo karibu naye, na O'Dea anatazama alama nyingine upande wake, na mistari miwili ya macho inakutana kwenye picha peke yake. Macho yakikosea kwa kiasi cha upana wa kiganja, mtazamaji anahisi kuna kasoro hata kama hawezi kuieleza. Faida yake ni kubwa: waigizaji wote wawili wako studio kwa wakati mmoja, kila mmoja anaisikia sauti ya mwenzake, wanaweza kukatizana na kusubiriana. Ndiyo sababu mabishano yao yana uhai ambao sijauona katika filamu nyingi za siku hizi, ambapo mwigizaji huachwa peke yake akizungumza na mpira uliofungwa kwenye fimbo.

Stevenson pia hakutegemea njia ya umbali peke yake. Palipohitajika kitu ambacho haiwezi kukifanya, alihamia kwenye vioo, kwenye picha zilizounganishwa baadaye, au kwenye mandhari yaliyochorwa na Peter Ellenshaw juu ya kioo. Itazame sehemu Darby anapopiga fidla na vibwengo wanacheza, kisha wanapanda farasi na kutoka kwa kasi. Kila unapoanza kujiuliza wamefanyaje, picha inakatwa, na inayofuata imetengenezwa kwa njia nyingine kabisa. Swali ulilokuwa unalijibu limeshapitwa.

Miaka mitano baadaye, ufundi uleule ulipata chombo kikubwa zaidi. Mbinu iliyoitoa shela ya Mary Poppins ikiwa safi inategemea taa za mvuke wa sodiamu, jamii ya zile taa za njano zilizomulika barabara za miji mingi kabla ya kuja kwa LED. Taa hizo hutoa mwanga mwembamba sana, karibu wote ukiwa kwenye nanomita 589. Mhandisi Petro Vlahos alikuwa ameijengea mbinu hiyo mfumo, na Disney walikuwa na Ub Iwerks, mchoraji aliyeshiriki kumuumba Mickey Mouse, ambaye kufikia wakati huo alikuwa bingwa wao wa mambo ya kamera.

Waigizaji walicheza mbele ya pazia jeupe lililomulikwa kwa sodiamu. Wao wenyewe waliangazwa kwa taa za kawaida za studio, na njano ile ilizuiwa isiwaangukie. Kamera ilikuwa ile pana ya Technicolor, iliyotengenezwa kupitisha mikanda zaidi ya mmoja kwa pamoja. Ndani yake, nyuma ya lenzi, kulikuwa na prizimu yenye tabaka maalumu iliyougawa mwanga: njano ya sodiamu ilipelekwa kwenye mkanda mweusi-mweupe, na rangi nyingine zote zikaenda kwenye mkanda wa rangi. Kwa hiyo kila fremu ilizaliwa na kivuli chake. Mkanda mmoja ulikuwa na Julie Andrews akiwa juu ya giza, mwingine ulikuwa na umbo lake kamili, na vyote vilipigwa kwa sekunde moja, kupitia lenzi moja. Sehemu ya shela iliyopitisha nusu ya mwanga iliacha alama ya nusu mwanga. Hakuna aliyelazimika kukisia ukingo uko wapi.

Pazia la bluu lililotumiwa na wengine halikuweza hivyo. Bluu ile imo pia ndani ya nguo, machoni na kwenye vivuli vya ngozi, hivyo kuiondoa nyuma kulimaanisha kuigusa na mbele. Vlahos, Iwerks na Wadsworth Pohl walitunukiwa Oscar ya ufundi kwa kazi hii. Tatizo lilikuwa prizimu. Ilikuwa ngumu mno kuitengeneza, na mbinu nzima ikabaki mali ya studio moja. Mwaka 2024 mtafiti Paul Debevec aliifufua akishirikiana na kundi la Corridor kwa kutumia vifaa vya leo, na shela na nywele zikatoka safi vilevile.

Lakini prizimu haimwambii Dick Van Dyke, aliyeigiza Bert, pengwini yuko wapi. Alipocheza ngoma nao, mbele yake hapakuwa na kitu. Picha za watu zilipigwa kwanza, kisha wachoraji, wakiwemo Frank Thomas na Ollie Johnston, wakachora pengwini fremu kwa fremu juu ya kile kilichokwisha kuamuliwa studio. Kosa la macho lingekuwa la kudumu. Hapa Stevenson alitegemea michoro ya Don DaGradi, iliyoionyesha filamu picha kwa picha kabla kamera haijawashwa. Tazama Van Dyke anavyoinamisha kichwa: hatazami chini ovyo kama mtu anayetafuta sarafu, anatazama kimo kimoja, kimo cha mtu mfupi anayemheshimu. Wachoraji walipoweka macho ya pengwini kwenye kimo hicho, urafiki ulikuwa umeshaigizwa.

Chumba cha watoto ndicho kinachonishangaza zaidi, kuliko hata pengwini. Mary Poppins anatoa kwenye begi lake vitu visivyoweza kuingia humo, kikiwemo kiango cha kutundikia kofia. Michael, mmoja wa watoto, anainama kuchungulia chini ya meza, yaani swali letu limeulizwa na mtoto kwa niaba yetu, na tunahisi kwamba ukaguzi umekwisha kufanyika. Kisha chumba kinajisafisha: nguo zinajikunja kwa sababu mkanda umerudishwa nyuma, na vitu vya kuchezea vinatembea kwa kusogezwa kidogo kidogo na kupigwa fremu moja baada ya nyingine. Halafu ndege mdogo anatua kwenye kidole cha Andrews na kuimba naye. Ndege huyo alikuwa mashine kweli, nyaya zake zikipita ndani ya mkono wa gauni, teknolojia ileile ambayo Disney waliipeleka kwenye maonyesho ya dunia ya New York mwaka huohuo.

Mpangilio huo una hesabu yake. Baada ya mfululizo wa picha zilizorudishwa nyuma na zilizokatwa, jicho limeanza kushuku. Ndipo linapopewa kitu ambacho kipo kweli, kimekaa kwenye kidole halisi, kinaangukiwa na mwanga uleule wa chumba. Shaka linapimwa pale na halipati kitu, na imani ile inarudi kuyafunika yaliyotangulia.

Mary Poppins iliteuliwa kuwania Oscar 13 na kushinda 5, zikiwemo za Andrews, uhariri na picha za kiinimacho. Stevenson aliteuliwa kama mwongozaji bora, tuzo ikaenda kwa George Cukor wa My Fair Lady. Baadaye ikaja The Love Bug, kisa cha Volkswagen namba 53 yenye akili zake. Kiufundi si ya kuchelewea: dereva aliyefichwa kiti cha nyuma na mafundi wazuri wa magari. Bado ilikuwa miongoni mwa filamu zilizoingiza fedha nyingi zaidi Marekani mwaka 1969.

Bedknobs and Broomsticks ya mwaka 1971 ilikusudiwa kurudia muujiza wa yaya. Ilikuwa na taa zilezile za sodiamu, David Tomlinson yuleyule aliyekuwa Bwana Banks, baba wa watoto katika Mary Poppins, watunzi walewale wa nyimbo, na ilishinda Oscar ya picha za kiinimacho. Kuna raha ndani yake, hasa safari ya chini ya maji, ambapo waigizaji walikuwa wakavu kabisa studio. Lakini kwenye kisiwa cha wanyama, mechi ya kandanda inakwenda na kwenda, wanyama wa katuni wakimkanyaga Tomlinson aliyefanywa mwamuzi, na mbinu ni ileile kuanzia kipenga cha kwanza hadi cha mwisho. Dakika za mwanzo nilicheka. Baadaye nikajikuta naangalia kingo za koti la Tomlinson, nikitafuta mahali alipobandikwa, jambo ambalo sijawahi kulifanya nikiwa ndani ya chumba cha watoto kule London ya Mary Poppins.