Dai Liandikwe kwa Maneno ya Mtaani

Mwaka 2020 ujumbe kwamba maji ya moto yenye ndimu yanatibu korona ulizunguka kundi hadi kundi kwenye WhatsApp. Wahakiki wa taarifa waliukanusha. Swali langu ni la kiufundi: mtu aliyeupokea ujumbe ule angeufikiaje ukanusho wenyewe?

Jibu lilianza kujengwa mwaka 2015, pale Duke Reporters' Lab ya Marekani, Google na Schema.org waliposhirikiana kuunda ClaimReview. Huu ni utaratibu wa kuweka lebo ndani ya ukurasa wa uhakiki ili kompyuta itambue dai ni lipi, nani kalitoa, nani kalihakiki na hukumu ni ipi. Juu yake Google ikajenga Fact Check Tools API, yaani mlango ambao programu hupitia kuandika rekodi hizo na kuzitafuta.

Upande wa kutafuta ni mwepesi. Unachukua ufunguo wa API, unatuma ombi kwa njia ya claims:search pamoja na maneno unayoyatafuta, na ukitaka Kiswahili pekee unaongeza languageCode=sw. Majibu hurudi kwa JSON, yaani muundo wa data unaosomwa na programu: maneno ya dai, aliyelitoa, kisha orodha ya uhakiki, kwa kuwa dai moja laweza kuwa limehakikiwa na vyumba vya habari kadhaa. Usipotaja idadi, unapewa kumi kwa mara moja, na tokeni ya kukupeleka ukurasa unaofuata.

Upande wa kuandika unadai uangalifu zaidi. Hapa ufunguo hautoshi. Sharti uwe na idhini juu ya tovuti yenyewe. Mtego mkubwa uko kwenye kurekebisha, kwa sababu amri ya update hubadilisha rekodi nzima. Tuseme ukurasa una madai matatu nawe unataka kusahihisha tahajia ya moja. Ukituma hilo moja tu, mawili yaliyobaki yanafutika. Njia salama ni kuivuta kwanza rekodi yote kwa get, kugusa unachotaka kugusa, kisha kuirudisha ikiwa kamili.

Kuna jambo jingine ambalo naona halijapewa uzito unaostahili. Unapoandika, unaweza kuweka hukumu kwa namba, kwa mfano 1 hadi 5, na pia kwa maneno. Mtu anapotafuta, API inamrudishia maneno peke yake. Namba haimfikii. Kwa hiyo chumba kimoja kikiandika "Uongo", kingine "Si kweli" na cha tatu "False" juu ya makala ya Kiswahili, mwenye kutengeneza huduma ya simu lazima akae chini aoanishe maneno hayo mwenyewe. Vyumba vinavyohakiki kwa Kiswahili, PesaCheck wakiwamo, vinaweza kuondoa adha hiyo kwa kukubaliana maneno machache ya hukumu.

Hata hivyo, kwangu mimi uzito wote uko kwenye sehemu iitwayo claimReviewed. Makala yako ndefu haimo kwenye rekodi. Kilichomo ni sentensi ya dai, aliyelitoa, hukumu na kiungo. Mhariri akiandika "Ufanisi wa tiba za asili dhidi ya virusi", ametoa mada, hajaandika dai. Msomaji ataandika "maji ya ndimu yanatibu korona", kama alivyousoma ujumbe. Sentensi ya rekodi ikibeba maneno hayo hayo, inakuwa rahisi zaidi kupatikana.

Juni 2025 Google ilitangaza kwamba inaacha kuonyesha lebo za ClaimReview kwenye matokeo ya kawaida ya utafutaji, ila Fact Check Explorer, chombo chake cha kutafutia uhakiki, kikaendelea. Msomaji hakutani tena na hukumu kwa bahati. Inambidi aitafute, au programu imtafutie. Basi wahariri, kabla ya kuchapisha, ufungueni ule ujumbe kwenye simu, linakilini dai kwa maneno yake, na hukumu iandikeni kwa Kiswahili.