Breki Mbili, Kanyagio Moja: Uhakiki wa Istilahi za Gari la Umeme

Mfasiri wa maelekezo ya gari la umeme anayefuata neno la kigeni badala ya dhana huishia kwenye istilahi mbili mbovu: "breki ya maji" na "breki ya kuzalisha upya".

Ya kwanza imetokana na asili ya Kigiriki ya neno la kigeni, ambayo kweli ni maji. Lakini ndani ya mabomba ya breki mna mafuta, na mafundi wetu wamekwisha kutofautisha "breki za mafuta" na "breki za upepo" za malori na mabasi. Istilahi ipo, nayo ni sahihi. Hapana sababu ya kuibadilisha.

Ya pili ni ngumu zaidi. Dereva apunguzapo mwendo, mota hugeuka kuwa jenereta: magurudumu huizungusha, nayo huupinga mzunguko huo na kupeleka umeme betrini. Hapana kinachozalishwa upya. Sehemu ya nishati ya mwendo, ambayo katika breki za mafuta ingepotea kama joto, hurejeshwa. Kwa hiyo tunapendekeza "breki ya kurejesha nishati". "Breki rejeshi" ni fupi, lakini msomaji aweza kudhani kwamba hurudisha gari nyuma.

Yabaki dhana inayoziunganisha. "Mchanganyiko wa breki" haufai, kwa kuwa hapana kinachochanganywa. Kifaa cha kudhibiti hupima jinsi dereva alivyokanyaga, hukadiria mota yaweza kuzuia kwa kiasi gani, kisha huyaachia mafuta sehemu iliyobaki. Betri ikijaa au ikiwa baridi mno, au gari likikaribia kusimama, sehemu ya mota hupungua na ya mafuta huongezeka. Huu ni mgawanyo wa kazi chini ya amri moja, na katika ofisi zetu jambo hilo huitwa "uratibu". Toyota Prius, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, ilikuwa tayari na uratibu wa namna hii.

Suala hili si la umaridadi wa lugha tu. Mfasiri akiandika kwamba "betri ikijaa, breki hupungua", dereva ataelewa kwamba gari halina breki, ilhali kilichopungua ni fungu la mota peke yake. Tena, Kanuni Na. 13-H ya Umoja wa Mataifa, inayohusu breki za magari madogo ya abiria, hutenga aina mbili za urejeshaji: aina A, ambayo si sehemu ya breki ya mguu, na aina B, ambayo ni sehemu yake. Mtumishi wa serikali atakayetafsiri kanuni hiyo bila istilahi thabiti ataupoteza mpaka ambao sheria imeuweka.

Basi tuandike "breki ya mafuta", "breki ya kurejesha nishati" na "uratibu wa breki". Na neno "breki" lisiachwe peke yake pale ambapo breki ni mbili.