Kugonga Mlango wa 0x300

Mwaka 2003, katika chumba kimoja cha kompyuta Buruburu, kila modemu ilipoanza kupiga simu mtandao wa chumba ulikufa. Sisemi ulipunguza kasi; ulikufa. Modemu ikikata, mtandao unafufuka. Tulilaumu waya, tukalaumu stima, tukamlaumu fundi aliyekwisha kupanda matatu ya 58 akaenda zake. Kumbe shida ilikuwa jampa moja, isiyozidi punje ya mchele, kwenye kadi ya mtandao ya mashine yenye modemu.

Kadi yenyewe ilikuwa NE2000 ya kuigiza, ya kuchomeka kwenye ISA, ile nafasi ndefu nyeusi ambayo IBM ilianza nayo 1981 ikiwa ya biti 8, ikairefusha kuwa ya 16 mwaka 1984. Kompyuta kuukuu hazikuwa jambo geni Eastlands; Embakasi, Computers for Schools Kenya ilikuwa ikizikarabati kwa ajili ya shule tangu 2002.

ISA ni kama ploti ya Kayole isiyo na namba milangoni wala msimamizi. PCI iliyokuja baadaye inaye: draiva huuliza nani anaishi hapa, ikatajiwa mtengenezaji na namba ya kifaa. Kwenye ISA ya jampa hakuna wa kuulizwa. Draiva lazima igonge, na kugonga huko ndiko kugumu. Kutuma data baadaye ni kazi ya mtoto.

Mashine yetu ilikuwa ya Windows 98, lakini kilichonifumbua macho ni draiva ya Linux, kwa kuwa msimbo wake uko wazi. Donald Becker aliiandika kati ya 1992 na 1994, na inagonga kwa adabu. Kwanza inasoma baiti moja kwenye poti 0x300, mlango inaoujaribu. Ikipata 0xFF, nyumba ni tupu: pasipo kifaa cha kujibu, kila biti husomeka 1. Ikipata kitu kingine, haishangilii bado. Inasoma kaunta ya makosa mara mbili, maana kwenye chipu ya 8390, ya kadi za aina hii, kaunta hiyo hujifuta ikisomwa. Mara ya pili isipokuwa sufuri, huyu siye. Draiva inarudisha thamani ilizozikuta na kuondoka. Hapo ndipo ninapoipendea. Aliyekuwa ndani huenda ni kifaa kingine chenye kazi zake.

Ikiridhika, inasoma baiti 32 za utambulisho na kutafuta 0x57, yaani herufi W, katika nafasi ya 14 na ya 15. Kadi nyingine za kuigiza hazikuwa nayo, ndiyo sababu draiva inabeba orodha ya kloni mbovu. Hata hivyo, kuandika kwenye poti ya mwingine kunaweza kugandisha mashine nzima; ukiipakia kama moduli bila kutaja io=0x300, inakataa kubahatisha.

Utamu uko kwenye kutafuta laini ya IRQ, yaani ile ambayo kadi hupitishia intarapti, kengele yake ya kuita. Draiva inaiagiza kadi ihamishe baiti sufuri. Kazi isiyo na kitu huisha papo hapo, kadi inapiga kengele ya kumaliza, na keneli, baada ya kusubiri milisekunde 10, inaangalia ni laini ipi iliyolia.

Kadi yetu, kwa jampa yake, ilikuwa ikilia kwenye IRQ 3. Hiyo ndiyo laini ya COM2, na modemu ilikuwa COM2. Kwenye ISA intarapti hutambuliwa laini inapopanda, si kwa kukaa juu. Modemu ikiishikilia laini, mlio wa kadi hauna pa kupanda. Unapotea, na pakiti zinajazana kwenye kadi bila wa kuzichukua.

Tulizima mashine, tukahamisha jampa hadi 10, kisha tukaingia BIOS kuitengea ISA laini hiyo ili PCI isiinyakue. Tukabadilisha namba kwenye mipangilio ya draiva, tukawasha. Modemu ikaanza kukoroma na kupiga miluzi yake. Kwenye mashine ya nne chumbani, majibu ya ping yakaendelea kuteremka kwenye skrini, mstari baada ya mstari.