Wema Uliocheleweshwa: Juu ya Filamu ya The Two Towers

Hadithi iliyokatwa mapande matatu humtaabisha mhakiki katika pande la kati. La kwanza lina haki ya kuanza na la tatu lina haki ya kumaliza, lakini la kati hupokea wageni lisiowaalika na kuwaaga kabla hawajafika waendako. Kwa hiyo watu wengi husema kwamba pande la kati halifai kuhukumiwa peke yake. Nami nilikuwa na mawazo hayo mpaka siku nilipoitazama The Two Towers, yaani Minara Miwili, katika banda la picha huko Pito, karibu na mji wa Sumbawanga.

Wengi wa waliokuwamo bandani hawakupata kuiona filamu ya kwanza, wala hawakuwa na hakika ya kuiona ya tatu. Kijana mwenye banda aliwafasiria maneno kwa sauti. Nilidhani watapotea katika wingi wa majina na falme, lakini haikuwa hivyo. Majina waliyaacha yapite, wakashika tabia za watu. Katikati ya picha mzee mmoja aliyeketi mbele yangu aliuliza, “Mjukuu wangu, mbona hawa watu wema wote huanza kwa kukataa?” Kijana akamjibu, “Subiri, babu, watakubali.” Mzee akasema kwamba hilo alikwisha kuliona, alilotaka kujua ni kwa nini wanachelewa. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Yafaa tukumbuke kwanza asili ya kazi yenyewe. J.R.R. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, hakutunga vitabu vitatu. Alitunga hadithi moja ndefu, na mchapishaji akaigawa katika majuzuu matatu yaliyotoka mwaka 1954 na 1955. Juzuu la kati lina sehemu mbili zisizochanganyika. Ya kwanza yasimulia vita vya nchi ya Rohan na mnara wa Saruman. Ya pili yafuata safari ya Frodo na Sam, wakiongozwa na Gollum, kuipeleka Pete katika nchi ya adui. Hata jina la juzuu lilimtia mtungaji mashaka, kwa kuwa hakuwa na neno moja juu ya minara inayokusudiwa. Peter Jackson, aliyeitoa filamu yake mwaka 2002, alikata shauri kwamba ni mnara wa Saruman na mnara wa Sauron. Kisha akazisuka sehemu mbili pamoja, zikaenda sambamba kwa muda wa karibu saa tatu.

Kusuka huko kulihitaji uzi, na hapa ndipo ulipo ustadi wa filamu na ndipo ulipo upungufu wake. Tuwatazame watu watatu. Wa kwanza ni mfalme Théoden. Katika kitabu, mara aponapo katika uchawi uliomzeesha, hupanda farasi siku ile ile kwenda kumkabili adui, na njiani ndipo habari mbaya humgeuza kuelekea ngome ya Helm's Deep. Katika filamu hakubali vita vya uwanjani. Huwachukua watu wake wote na kukimbilia ngomeni, ingawa Gandalf humsihi asifanye hivyo.

Wa pili ni Treebeard, mkuu wa Ents, yaani viumbe walio mfano wa miti na wachungaji wa miti. Katika kitabu ajua tangu hapo kwamba misitu yake yakatwa ili kulisha matanuru ya Saruman, na ana uchungu nayo. Baraza lao huchukua siku tatu, kisha huondoka kwenda vitani. Katika filamu baraza laamua kwamba vita hivyo haviwahusu, na Treebeard hageuki mpaka ajionee kwa macho visiki na majivu.

Wa tatu ni Faramir. Katika kitabu, akiisha kupata habari ya Pete, huikataa papo hapo, huwapa wasafiri chakula, na kuwaachia njia. Katika filamu huwafunga na kuwapeleka Osgiliath ili Pete iwe zawadi kwa baba yake, na huwaachilia mwishoni tu.

Mabadiliko haya matatu yaelekea upande mmoja. Kila mtu mwema amecheleweshwa. Wala si bahati mbaya, maana ndiyo yaliyolipa pande la kati swali lake lenyewe: mtu huondoka lini katika kusema “haya hayanihusu”? Swali hilo lina mwanzo na lina mwisho ndani ya filamu hii hii, na ndilo lililowawezesha watu wa Pito kuifuata bila ya kuwa na filamu ya kwanza. Mapigano ya usiku ngomeni, Ents wakiishambulia Isengard, na Faramir akiwaachilia wafungwa, yote hujibu kwa pamoja. Kwa kadiri hii filamu yastahili sifa, nami sioni kwamba ingepata umoja huo kama ingalikifuata kitabu neno kwa neno.

Lakini gharama yake si ndogo. Treebeard ndiye aliyechekwa bandani. Mtu mmoja alisema kwamba mchungaji asiyejua kuwa ng'ombe wake wamechinjwa si mchungaji. Neno hili lina uzito zaidi likisemwa Ufipa. Katika uwanda huu wa majani na vilima bado yako mabaki ya malungu, matanuru marefu ya udongo yaliyopita kimo cha mtu, ambamo wazee wa Kifipa waliyeyusha mawe ya chuma ili kupata majembe. Malungu yalikula makaa mengi, na makaa ni miti. Wafua chuma walijua mti upi wafaa na upi haufai, na kazi yao ilikuwa na dawa na miiko. Wajukuu wa watu hao hawaoni ajabu kwamba tanuru hula msitu. Waona ajabu kwamba mwenye msitu asiwe na habari. Filamu imenunua mshangao wa dakika moja kwa kumnyang'anya Treebeard maarifa yake.

Kwa Faramir hasara ni kubwa zaidi. Waandishi wa filamu wamejitetea kwamba mtu asiyetamani Pete hata kidogo angeipunguzia Pete kitisho chake. Hoja hiyo si ya kupuuza. Lakini yadhani kwamba nguvu ya kishawishi hupimwa kwa idadi ya wanaoanguka tu, ilhali anayesimama huipima vilevile. Wafipa wana masimulizi ya Milansi, ambayo Roy Willis aliyachunguza katika utafiti wake alioufanya Ufipa miaka ya 1960. Mtawala wa Milansi alikwenda kuwinda, na nyuma yake wakaja wanawake watatu wageni. Mkewe, ingawa alikwisha kuonywa, akawapa kiti cha enzi. Mume aliporudi hakuinua mkuki. Nchi ikawa ya wageni, naye akabaki na kijiji chake na heshima yake. Wasikilizaji hawadai kwamba mtu huyu aonyeshwe kwanza akikitamani tena kiti kwa ghadhabu ili tuuamini utulivu wake. Uzito wa kiti twaujua kwa sababu yuko mtu aliyeweza kukiacha.

Jibu langu kwa mzee wa Pito, basi, ni hili. Watu wema wa filamu hii huchelewa kwa sababu watengenezaji wake waliamini kwamba tabia isiyobadilika haionekani katika senema. Kwa Théoden imani hiyo haikudhuru sana, maana mfalme aliyetoka katika ugonjwa ana haki ya kuogopa. Kwa Treebeard imedhuru, na kwa Faramir imeondoa kitu ambacho hakipatikani pengine katika filamu nzima: mwanadamu mwenye silaha na mamlaka ambaye huulizwa mara moja na kujibu mara moja. Wanafunzi wetu watakaogeuza vitabu kuwa michezo na filamu hawana budi kuisoma kazi hii kwa heshima, kwa jinsi ilivyolipa pande la kati roho yake. Lakini wakifika mahali pa mtu kama Faramir, wamwache ajibu bila kukawia.