Sauti na Mwendo wa Kamera katika Filamu ya Wanafunzi

Filamu fupi ya wanafunzi niliyoitazama, iliyopigwa Tandika katika Wilaya ya Temeke, ina sifa moja kubwa: kamera yake yaenda kwa utulivu. Yamfuata mama muuza vitumbua kutoka uani hata barabarani pasipo mtikisiko, na macho hufurahi. Lakini katika kilele cha kisa mama huyo aulizwa habari za mumewe, naye ajibu neno moja. Mimi nilisikia “atarudi”. Jirani yangu alisikia “hatarudi”. Tuliondoka na hadithi mbili.

Kosa si la mwigizaji. Katika wakati ujao, nafsi ya tatu umoja, kinachotenga kukubali na kukana ni h peke yake, nayo ni pumzi dhaifu imezwayo upesi na feni, bodaboda au upepo. Fedha za wanafunzi zilikwisha katika gimbali, kifaa cha mota kiitulizacho kamera mkononi. Sauti ikaachiwa maikrofoni ya kamera yenyewe. Hivyo kila kamera iliporudi nyuma, sikio nalo lilirudi nyuma.

Yafaa kukumbuka kanuni hii: maikrofoni ikisogezwa nusu ya umbali, sauti itokayo kinywani moja kwa moja huongezeka kadiri ya desibeli 6, hali kelele za mtaa hubaki karibu vile vile. Hapana kifaa cha thamani kiwezacho kushika mahali pa ukaribu huo.

Wengine watasema kwamba maneno yaweza kuingizwa baadaye. Yawezekana, lakini aketiye studioni hasemi kama asimamaye uani akishindana na jenereta.

Kwa hiyo mpango wa kununua ugeuzwe. Kwanza maikrofoni ya kubana nguoni, au ile ya fimbo ndefu yenye kizuia upepo, pamoja na hedifoni, kisha stendi ya miguu mitatu, gimbali mwisho. Mwendo waweza kupatikana kwa kiti cha magurudumu cha kuazima. Chumba cha Kinondoni chenye mwangwi chaweza kutulizwa kwa blanketi na magodoro. Lakini h iliyopotea hairudishwi.

Katika T-Junction (2017) ya Amil Shivji, Fatima amsikiliza Maria hospitalini akisimulia maisha ya mtaani kwake. Filamu hiyo ya Dar es Salaam imesimama juu ya usikivu. Wanafunzi wetu wana macho mema. Sasa na wayatafutie masikio.