Kitufe cha mafuriko kiko mikononi mwa nani?

Tarehe 14 Machi 2011, siku tatu baada ya tetemeko na tsunami kuipiga pwani ya kaskazini-mashariki mwa Japani, kampuni ya michezo ya video ya Irem ilitangaza kwamba Zettai Zetsumei Toshi 4 hautatoka tena. Huo ulikuwa mchezo wa kujiokoa katika mji uliobomolewa na tetemeko. Nje ya Japani mfululizo wake hujulikana kama Disaster Report. Sony nayo iliuzuia katika soko la Japani MotorStorm: Apocalypse, mchezo wa mbio za magari ndani ya jiji linaloporomoka. Katika wiki zile hakuna aliyekuwa na sababu ya kulaumu uamuzi huo. Lakini ukiitazama michezo hiyo miwili kwa undani, unaona imetiwa kapu moja bila kustahili. Katika mmoja, tetemeko ni pambo la kuongeza kasi: jengo likianguka, barabara hubadilika na mbio hunoga. Katika mwingine, tetemeko ndilo linalomfanya mtu atafute maji, choo na mwenzake wa kutoka naye. Kipimo kilichotumika kwa yote miwili kilikuwa kalenda, na kalenda inatosha kuamua siku ya kuuza, basi. Kama mchezo wa maafa una staha au hauna, jibu liko kwenye kanuni zake: mchezaji amepewa uwezo gani, nani analipa gharama, na mwishoni kinahesabiwa nini.

Mfululizo wa Disaster Report ni ushahidi mzuri kwa sababu wabunifu wake walipata nafasi ya pili. Kazuma Kujo, aliyeuongoza, aliondoka Irem akaanzisha kampuni ya Granzella mwaka huohuo wa 2011; baadaye kampuni hiyo ikapata haki za mfululizo, na mchezo uliofutwa ukatoka Japani Novemba 2018. Mchezaji si shujaa wala mwanajeshi. Ni mpita njia ambaye mji umemwangukia, ana njaa, ana kiu, na hubanwa na haja kama mtu yeyote. Ardhi ikitikisika, kuna kitufe cha kuchutama. Kuna mahali anaweza kujifanya mhudumu wa duka na kuwauzia walionusurika bidhaa kwa bei ya kawaida au kwa bei ya kuwakamua. Wapo watakaosema hapo ndipo adabu ilipotoweka. Mimi naona hapo ndipo ilipo. Mkazi wa mji wetu wa Bujumbura, Burundi, aliyepitia miaka hii ya uhaba wa mafuta, akanunua petroli ya magendo ndani ya chupa ya plastiki, hahitaji kuelezwa kwamba dhiki huzaa soko lake. Mchezo unaowaonyesha wahanga wote kuwa malaika umeshawatoa katika ubinadamu kwa mlango wa nyuma.

Mchezo wa pili wa mfululizo huo, wa mwaka 2006, uliouzwa Marekani na Ulaya kwa jina la Raw Danger!, unatuhusu zaidi sisi wa Bujumbura kwa sababu ni wa mafuriko. Adui mkuu pale si wimbi kubwa la kutisha. Ni baridi. Ukilowa, kipimo cha joto la mwili huanza kushuka, na unalazimika kutafuta moto au nguo kavu kabla ya kuendelea na safari. Tena hadithi hupita kwa watu kadhaa, na alichofanya mmoja hukutwa na mwingine baadaye. Kwa ufundi mdogo kama huo, maji yanaacha kuwa picha ya kutazamwa na kuwa jambo linaloupata mwili. Watu wengi waliowahi kulala juu ya meza ndani ya nyumba iliyofurika wangeutambua mchezo huo haraka kuliko filamu nyingi za maafa zenye bajeti nono.

Upande wa pili kuna michezo inayotazama kutoka juu. SimCity ya mwaka 1989 ilikuwa na orodha ya maafa ambayo mchezaji huchagua mwenyewe: moto, mafuriko, kimbunga, tetemeko, hata dubwana la kubomoa mji. Ni burudani ya mtoto anayejenga mnara wa matofali ili auangushe, na mji ule si wa mtu. Mwaka 2007 ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kupunguza maafa ilitoa Stop Disasters!, mchezo wa bure wa kwenye intaneti. Jicho ni lilelile la juu, na ramani ni ileile ya miraba, ila kitufe cha kuita balaa kimeondolewa. Mchezaji ana bajeti na muda. Anajenga shule na hospitali, anaimarisha nyumba, ananunua mfumo wa onyo la mapema, kisha tsunami, moto wa nyika, kimbunga, tetemeko au mafuriko huja yenyewe na kumpa hesabu ya waliokufa na mali iliyopotea. Sifa yake kubwa ni kuonyesha kwamba mvua ni ya asili lakini vifo vingi vina historia ya maamuzi. Kasoro yake ni kwamba maamuzi yote ni ya mtu mmoja mwenye fedha, ardhi na mamlaka, na hakuna mkazi wa kumwambia, "Sihami."

Kasoro hiyo inaonekana wazi ukiuleta mchezo huo Bujumbura, kwa sababu mji huu una maafa ya aina mbili yasiyofuata saa moja. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 mvua kubwa ilinyesha kwenye milima iliyo juu ya mji. Maji, tope na mawe vikateremka vikapita Gatunguru na mitaa ya kaskazini kama Kamenge, Kinama na Buterere. Zaidi ya watu 60 walikufa. Yale yalikuwa maafa ya dakika chache, gizani, watu wakiwa wamelala. Gatumba, karibu na mpaka wa Kongo, ni habari nyingine. Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo zake na makumi ya maelfu ya watu wakapoteza makazi. Wengine walipelekwa kwenye maeneo ya hifadhi kama Kinyinya na Kigaramango, na baadaye Maramvya Sobel. Miaka iliyofuata maji yalirudi tena na tena, safari hii yakisaidiwa na Ziwa Tanganyika, ambalo mwaka 2024 lilipanda kufikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960. Hapa hakuna usiku mmoja wa kuigiza. Kuna misimu.

Sasa chukua kanuni za Stop Disasters! uziweke juu ya ramani ya Gatumba. Jibu sahihi litapatikana mapema mno: usijenge hapa, hamisha watu, funga faili. Mkazi anayerudi kwenye nyumba yake maji yakipungua ataonekana kama hitilafu ya programu, au mkaidi. Lakini mpe mchezaji nafasi ya mama mwenye kiwanja kimoja, nyumba ya matofali mabichi, biashara ndogo inayotegemea mpaka na watoto walioandikishwa shule ya jirani. Mwekee gharama ya kupanga chumba mjini, nauli ya kila siku kutoka hemani, na uwezekano wa kukuta kiwanja kimeingiwa na mtu mwingine akichelewa. Baada ya misimu miwili mchezaji mwenyewe atarudi Gatumba, kwa hesabu zake, bila kuhubiriwa na mtu. Hivyo ndivyo kanuni inavyoweza kumheshimu mhanga kuliko muziki wa huzuni na picha za polepole: inamfanya mgeni afikie uamuzi uleule aliotaka kuucheka.

Mfano wa karibu zaidi na jambo hili hata hauhitaji umeme. Kituo cha Tabianchi cha Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, chenye makao yake The Hague, kina mchezo uitwao Paying for Predictions unaochezwa kwa dadu na punje za maharage. Dadu ni mvua, punje ni bajeti. Unaamua kama utatoa punje kujiandaa kabla ya kuijua mvua. Mafuriko yakikukuta hujajiandaa, unalipa mara kadhaa ya ile gharama. Punje zikiisha, watu wako wamepatwa na janga usiloweza kuwasaidia. Hakuna picha hata moja ya maiti, wala ya maji, na bado watu hushika punje zao kwa wasiwasi.

Watu hucheka pia, na hapo ndipo pingamizi kubwa linapoingia: kucheza na jambo lililoua jirani ni dharau, hata likiwekewa kanuni gani. Pingamizi hili lina uzito, hasa mahali ambapo waliofiwa bado wanapita njia ileile. Hata hivyo, vilio vyetu wenyewe vina utani wa watani, na hakuna anayeudhania kuwa ni kusahau. Kicheko kinachoumiza ni kile cha mtu asiye na cha kupoteza mezani, na ndiyo maana MotorStorm haikufaa Japani mwaka ule wala isingefaa Gatunguru leo. Wengine husema kwamba mchezo ukizingatia haya yote utakuwa somo la darasani, haunogi. Raw Danger! unawajibu: kupungua kwa joto la mwili ni kanuni ya heshima na wakati huohuo ndiyo inayoleta presha. Pingamizi lililo gumu zaidi ni la idhini, kwamba studio ya mbali inaweza kuvuna fedha kutokana na msiba wa Gatumba bila Gatumba kuulizwa. Hapo ufundi pekee hautoshi. Gharama za kiwanja, nauli na chumba zinazoingia kwenye kanuni lazima zitoke kwa waliozilipa, nao walipwe kwa kuzitoa kama mshauri mwingine yeyote wa mradi.

Limebaki suala la majina, ambalo wabunifu huliamua mwishoni ilhali lingefaa kuamuliwa mwanzo. Disaster Report 4 umewekwa katika mji wa kubuni, na kwa tetemeko hilo linafaa. Kwa mafuriko yetu ningegawanya. Rusizi iitwe Rusizi na ziwa liitwe Tanganyika, kwa sababu mwendo wa maji hayo ni elimu ambayo mchezaji wa Bujumbura anaweza kuitumia Aprili ijayo. Mtaa, nyumba na watu wabuniwe, na mvua ya Februari 2014 isipewe tarehe yake, ili asitokee mtu kuukuta ukuta wa nyumbani kwao ukimpatia mgeni pointi kila unapoanguka.